Uliza Fundi: Maji Miguuni, Mluzi Masikioni

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Raskazone hapa Tanga. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Ikinyesha mvua ya maana usiku, asubuhi nakuta kapeti la upande wa dereva limelowa. Nikishika njia ya Segera na gari likifika kilomita 80, mlango huohuo unapiga mluzi. Raba ya nje, ile inayolalia kioo kwa chini, imepasukapasuka na upande wa nyuma imeinuka. Fundi mmoja ameniambia ninunue raba zote za milango minne. Jirani yangu anasema niache kupoteza hela, nipake silikoni kwenye huo ufa na mambo yataisha. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, na jirani ndiye umuogope zaidi.

Mlango wa gari lako una raba za aina nne, na kila moja ina kazi yake. Mtu akikwambia "raba zimekwisha" muulize ipi. Kuna hiyo ya nje iliyopasuka, inayokaa pale kioo kinapozama mlangoni. Kuna pacha wake wa ndani, aliyeshikana na kava la ndani la mlango. Kuna ile yenye umbo la U inayopita ndani ya fremu, ambayo ndiyo njia ya kioo kupandia na kushukia. Halafu kuna ile nene yenye uwazi katikati, inayozunguka mlango mzima na kubanwa ukifunga. Umeona moja imechakaa ukaitwika lawama zote. Nakuelewa, maana ndiyo pekee inayoonekana ukiwa umesimama nje. Lakini maji yaliyo kwenye kapeti lako sidhani kama ni kosa lake.

Watu hunibishia hapa gereji nikisema hivi: mlango wa gari umetengenezwa uingize maji. Raba ya nje hufuta maji mengi kwenye kioo, lakini hata ikiwa mpya kabisa, mengine hupita. Yanateremka na kioo, yanadondoka ndani ya mlango, yanafika chini na kutokea kwenye matundu madogo yaliyoachwa ukingoni. Kinachoyazuia yasiingie kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya kava la ndani. Ukingo wake wa chini hutakiwa kuingizwa ndani ya mlango, ili tone likiteremka juu ya nailoni lirudi humo humo.

Sasa niambie, gari hilo halijawahi kupita kwa fundi wa redio? Nauliza kwa sababu gari la umri huo likija kwangu na kapeti bichi, nikifungua kava nakuta nailoni imechanwa ili spika ipite, au imekunjwa na kusukumiwa pembeni, au haipo kabisa. Aliyekuja kutengeneza mkono wa kioo naye hufanya vilevile. Kava likirudishwa, nani atajua? Mvua ndiyo itakayojua.

Kwa hiyo anza na maji. Funga kioo, chukua jagi, mwagia kioo kwa nje polepole, na mtu mwingine ainame aangalie ukingo wa chini wa mlango. Maji yaanze kudondoka hapo bila kuchelewa. Yasipotoka, matundu yameziba kwa udongo, au gari lilipopigwa rangi waliyapaka na kuyafunika. Yazibue kwa njiti ya ufagio wa chelewa. Msumari au waya utakwangua rangi, na chumvi ya bahari ya hapo kwenu haihitaji kualikwa mara mbili. Kama ukifungua na kufunga mlango unasikia maji yanacheza ndani, jibu umeshalipata.

Matundu yakiwa mazima, fungua kava. Gari limesimama, kioo kimefungwa, kazi hii unaiweza wewe mwenyewe kwa bisibisi ya nyota. Kuna skrubu kwenye kishikio cha kuvutia mlango, na nyingine kwenye kitasa cha ndani. Mkono wa kuzungushia kioo hauna skrubu, na hapo ndipo wengi huuvunja. Nyuma yake kuna pini ya waya iliyopinda, imejificha kati ya mkono na kava. Chukua kitambaa chepesi cha pamba, kipitishe kwenye huo mwanya, shika ncha zote mbili, kisha vuta huku na huku kama mng'arisha viatu. Kitambaa kitainasa pini na kuichomoa. Inaruka kwa nguvu, kwa hiyo fanyia kazi hii sakafuni penye usafi, siyo juu ya nyasi. Baada ya hapo kava limeshikwa na klipu za plastiki pembeni tu. Zing'oe moja moja kwa kuingiza kitu bapa karibu kabisa na klipu yenyewe, ukivuta mbali nayo utapasua ubao. Mwisho linyanyue kava kwenda juu, maana ukingo wake wa juu umeng'ang'ania mlango.

Ukikuta nailoni haipo, nunua nailoni nzito, ikate kwa kufuata alama za gundi ya zamani, acha matundu ya kitasa na ya mkono wa kioo tu. Gundi iwe ile nyeusi ya kunatanata isiyokauka. Gundi za kukauka na kuwa ngumu huachia mlango ukipata joto. Na usisahau kuingiza ule ukingo wa chini ndani.

Kabla hujafunga, pitisha mkono juu nyuma ya pedali. Kama huko nako kumelowa, basi kuna maji mengine, huenda yanaingia pembeni mwa kioo cha mbele, na hilo ni swali la siku nyingine. Kapeti lililolowa lingekuwa la abiria ningekuuliza kwanza kama unawasha kiyoyozi, kwa sababu bomba la kutolea maji yake likiziba hulowesha upande huo hata kiangazi.

Mluzi una mambo yake. Mluzi wa kilomita 80 mara nyingi hutoka juu, kwenye fremu, pale raba nene isipobanwa sawasawa. Chukua karatasi, ifunge katikati ya mlango na bodi, kisha ivute. Ikitoka bila kukwaruza, pale pana mwanya. Zunguka mlango mzima hivyo. Jaribio la pili napenda zaidi: nunua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ziba mpaka wote wa mlango kwa nje ukishaingia ndani (utahitaji mtu wa kukuzibia, na utashukia mlango wa abiria), ukatembee njia ileile ya Segera. Mluzi ukinyamaza, simama mahali salama, bandua kipande kimoja, endelea. Kipande kitakachourudisha mluzi ndicho kilichokaa juu ya tatizo. Na kama haukunyamaza hata kidogo, angalia saitimira na hiyo raba yako iliyoinuka. Kipande cha raba kinachopepea kwenye upepo kinaweza kuimba.

Mwanya ukiuona, usikimbilie dukani. Kwenye nguzo ya bodi kuna kile chuma ambacho komeo la mlango hukamatia. Kimefungwa kwa skrubu na kinasogezeka. Chora alama kwa penseli kuzunguka kilipo, legeza, kisogeze ndani kidogo sana, kaza, jaribu karatasi tena. Milango ya zamani imevutwa, imeegemewa, watoto wameining'inia, ndiyo maana haifungi ilipokuwa ikifunga. Raba ambayo imelala bapa na ukiibonyeza hainyanyuki, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Ukinunua ya kukata kwa mita, beba kipande cha ya zamani mkononi. Nene kuliko ile ya awali itakufanya ubamize mlango kila siku mpaka bawaba zilegee, na nyembamba haitaziba kitu.

Sasa tuje kwenye raba yako ya nje. Nayo ibadilishe, ila ujue unabadilisha kwa ajili gani. Ikishapasuka inapitisha maji mengi kuliko matundu ya chini yanavyopenda, inaingiza mchanga unaochora kioo, na bati lililo ndani yake likishika kutu linaambukiza ukingo wa mlango. Huo ukingo ukioza, hakuna raba itakayoshika tena.

Ya kununua ni ya mlango huo mmoja. Ya kulia haiingii kushoto, na ya mbele haiingii nyuma. Mpe muuza spea namba ya chasi, usimwambie "Corolla" tu, kwa sababu Corolla ya milango minne na ile ya mizigo hazina mlango sawa. Kwenye mpangilio wa namba za Toyota raba hii ya nje ya mlango wa mbele huanza na 75710 kwa upande wa kulia na 75720 kwa kushoto, za nyuma ni 75730 na 75740. Ukiwa na hizo tarakimu huuziwi ya upande mwingine. Za mtumba zinazong'olewa kwenye magari yaliyokatwa, pale Gerezani, Dar es Salaam, zipo, lakini ikunje mdomo wake kwa kidole. Ukiona nyufa nyeupe zinafunguka, mrudishie mwenyewe. Umri wake ni sawa na wa hiyo yako.

Kuing'oa: shusha kioo mpaka mwisho. Bandika ile tepu ya karatasi kwenye rangi, chini ya raba, urefu wote. Toa saitimira, maana ncha ya mbele ya raba mara nyingi huwa imeingia chini yake: ndani kuna kifuniko cha plastiki cha pembetatu, king'oe, utaona skrubu au nati tatu. Shika saitimira kwa mkono mmoja wakati unafungua ya mwisho. Kisha nenda ncha ya nyuma, angalia kama kuna skrubu ukingoni. Kama ipo na hukuitoa, utavuta mpaka uukunje mlango. Kwa kuwa kava limeshatoka, chungulia ndani, utaziona klipu za raba zimeuma ukingo wa bati. Zisukume kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa huku unavuta raba kwenda juu wima. Ikigoma, iachie, sogea klipu inayofuata. Huku pwani utakuta nyingine zimeganda kwa kutu na zitakatika, na hilo si neno kwa sababu raba mpya inakuja na zake.

Ukishaitoa, tazama ukingo. Kutu ya juujuu ipige msasa, futa vumbi lote, paka praima na rangi, na uiache ikauke kabisa kabla ya kurudisha chochote. Hapa ndipo watu huharakisha wakitaka gari jioni. Lilaze gari ndani au lifunike, lakini usiizike kutu chini ya raba mpya.

Laza raba mpya na ya zamani sambamba juu ya meza. Urefu sawa? Klipu zinalingana? Mdomo umeelekea upande uleule? Basi iweke, kalisha sawa ncha zote mbili kwanza, kisha bonyeza kwa kiganja kuanzia mwisho mmoja. Kila klipu italia ikikamata. Usiipige nyundo na usiikunje, kwani bati la ndani likishapinda halinyooki tena na utaliona kila ukifungua mlango. Hakuna gundi hapo. Pandisha kioo ukiangalia mdomo wa raba: ulalie kioo sawa mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo maana nilimuogopa jirani. Silikoni ya kuzibia ukiipaka kwenye ufa ule, kioo kikishuka mara ya kwanza kinaikokota, kikisimama kwenye jua kinaganda nayo, na maji yaliyokwisha kuingia chini yake hayatoki. Na siku ukimletea fundi, atakutoza kwa kukwangua kabla hajaanza kazi yenyewe.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni dereva wa Probox ya 2006, Likoni, Mombasa. Vioo vya milango ya mbele vimechorwa mistari, na tinti yote inakwaruzika. Wanaoniosheia gari hupaka raba dizeli ziwe nyeusi na kung'aa. Niweke tinti mpya?
Dereva, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam. Tinti ngoja kwanza.

Tazama mistari imekwendaje. Ikiwa imenyooka juu kwenda chini, imechorwa na raba za mlango zilizokamata mchanga. Ikiwa ya mviringo, ni kitambaa cha waoshaji wako. Halafu kumbuka tinti hubandikwa upande wa ndani wa kioo, kwa hiyo anayeikwaruza ni yule pacha wa ndani niliyemtaja kwa mwalimu hapo juu. Kwenye uso wake kuna manyoya laini, yakishalika kinachobaki ni mpira mkavu wenye chembe za mchanga, na kila ukishusha kioo kulipa kivuko unapiga msasa. Pitisha kidole uyahisi. Yakiwa yamelika badilisha raba ya ndani na ya nje kwa pamoja, ndipo uende kwa mtu wa tinti. Akishamaliza, vioo visishushwe kwa siku tatu mpaka tano.

Dizeli iishe leo. Raba nyingi za milango ni za mpira uitwao EPDM, ambao unavumilia jua na mvua vizuri sana lakini haupatani na mafuta ya jamii ya petroli. Dizeli, mafuta ya taa, grisi na oili chafu zote huufanya uvimbe na kulainika, na ule mng'ao unaoufurahia hukaribisha vumbi likae. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, acha zikauke, kisha pangusa kwa kitambaa chenye silikoni ya kupulizia, ile ya majimaji inayouzwa kwa ajili ya raba. Hiyo na silikoni ya jirani wa mwalimu ni vitu viwili tofauti. Pulizia kitambaa, usipulizie mlango, na isifike kioo cha mbele: mvua ikinyesha waipa zitakupaka ukungu.

SWALI: Fundi, nina Mark II GX100 hapa Dodoma. Kioo cha dereva kinapanda kwa kujivuta, kinasimama katikati, mpaka nikisaidie kwa mkono. Nimeambiwa mota imekufa. Je, ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Inawezekana, ila kwa vumbi la Dodoma mimi ningeanza na ile raba yenye umbo la U.

Vumbi likijaa humo na manyoya yakikauka, kioo hupanda kwa kusuguana pande zote mbili, na mota hubeba mzigo usio wake. Dalili yake ni kwamba kioo hulala kidogo upande mmoja kikipanda, na asubuhi kwenye baridi huwa kigumu zaidi. Washa injini kwanza ili betri isikudanganye, kisha linganisha na kioo cha abiria. Shusha kioo, zungushia kitambaa kibichi kwenye rula, kipitishe kwenye njia yote ya mbele na ya nyuma mpaka kitoke bila tope. Ikishakauka, pulizia silikoni ndani ya njia, pandisha na ushushe kioo mara kadhaa. Watu wengi huishia hapo.

Ukikuta raba imechanika kwenye kona ya juu, au imetoka kwenye fremu na kujikunja, hiyo haisafishwi, inabadilishwa. Inatoka kwa kuvutwa kwa mkono. Ya kurudisha anzia kwenye kona, kwa sababu kona zake zimefinyangwa kiwandani na zikikaa vibaya zilizobaki zote zitakuwa fupi au ndefu. Maji ya sabuni yanaifanya iteleze ikiingia.

Baada ya hayo yote kama bado kinajivuta, mwambie fundi wako akitenganishe kioo na mota, akishikilie kioo juu, aiunganishe mota moja kwa moja na betri. Ikizunguka kwa nguvu mbele yako, atafute tatizo kwenye swichi, waya au mikono inayobeba kioo. Ikijivuta hata bila mzigo, mlipe mota yake.